Alama Chini ya Mkate

Mkate ulipungua siku ya Jumatatu, mji mzima kwa mara moja, na hakuna aliyemwona mwizi.

Mpelelezi wa Tume ya Ushindani aligundua jambo hilo jikoni kwake kabla ya kwenda kazini. Alikata vipande kama alivyozoea, akawagawia mume na watoto, na alipofika zamu yake mkate ulikuwa umekwisha. Akamtazama mumewe.

"Mimi sijagusa," mumewe alisema. "Usianze kunihoji asubuhi."

Njiani alipita dukani, akanunua mikate kutoka bekari zote tatu za mji, kadhaa ya kila bekari. Ofisini aliitoa mizani yake, ile iliyowafanya wenzake wamwite Dada Mizani, akapima mikate mmoja mmoja. Yote ilikuwa imepungua kwa kipimo kilekile. Bei ilikuwa ya jana.

Mkurugenzi alisimama mlangoni na kikombe cha chai. "Leo tunafungua kinywa pamoja?"

"Tazama, Mkurugenzi. Wiki iliyopita mkate wa Mzee Hamira ulikuwa mrefu, wa Mama Mapacha ulikuwa mfupi na mgumu, na wa Kapteni ulikuwa umelala kama mto wa zamani. Leo ukiondoa karatasi huwezi kutambua wa nani ni upi."

"Labda unga umepanda bei."

"Unga ukipanda, kila mtu anatafuta njia yake. Mmoja anapandisha bei, mwingine anapunguza mkate, mwingine anavumilia ili awanyang'anye wenzake wateja. Hawa wamepata wazo moja, siku moja."

Alikuwa amezoea kutazama upande wa chini wa vitu, kwa sababu watu hupamba upande wa juu. Akaugeuza mkate wa kwanza. Karibu na pembe kulikuwa na mstari mdogo uliopinda, kama alama ya ukucha. Akaugeuza wa pili, wa tatu, hadi wote. Alama ilikuwepo kila mahali, pembe ileile.

Mkurugenzi aliweka kikombe chini.

"Makopo yao ya kuokea yametoka kwenye kalibu moja, chuma kimoja cha kugongea bati," Dada Mizani alisema polepole. Maelfu ya watu walikuwa wamekula ushahidi ule asubuhi hiyo, na ulikuwa ungali pale mbele yake, wa moto kidogo, ukinukia.

Aliona pia jambo dogo ambalo hakulielewa. Kwenye mikate ya Mama Mapacha, kila mmoja, mstari ule ulikuwa umetoa uzi mwembamba kama unywele, uliokwenda hadi ukingoni. Kwenye mikate ya Kapteni, mingine ilikuwa na uzi, mingine haikuwa nao. Ya Mzee Hamira yote haikuwa na uzi. Akachora alama hizo, akaenda zake.

*

Siku iliyofuata alianza na Kapteni, kwa sababu mji mzima ulimsema vibaya. Alikuwa mtu wa mabega mapana, mwenye magari ya kusambaza mikate na mdomo usiofungwa. Alimkuta uani akimfokea dereva.

"Nasikia ulimtisha mtu sokoni," Dada Mizani alisema. "Kwamba atakayeuza mkate mkubwa utampasulia gari."

"Nilisema. Nasema mambo mengi. Muulize mke wangu ni mangapi huwa nafanya." Madereva walicheka. Yeye hakucheka. "Dada, mkate wangu ni mdogo kwa sababu hamira ilinipotea wiki nzima. Unga ulikuwa unalala tu kama mgonjwa. Nikasema basi, niuze kidogo kidogo."

"Na makopo mapya?"

"Ya zamani yalichakaa."

"Yalichakaa kwenye bekari zote tatu?"

Kapteni alijikuna shingo. "Mimi nilifundishwa kukanda na marehemu, mume wa Mama Mapacha. Nilikuwa sina hata ndala. Kuhusu watu wa nyumba ile hutasikia neno kwangu."

"Sijakuuliza kuhusu nyumba ile."

"Basi tumeelewana," alisema, akamgeukia dereva wake.

Kabla ya kuondoka, Dada Mizani alimweleza sheria, kama alivyotakiwa kumweleza kila mshukiwa. Wafanyabiashara wakila njama, wa kwanza kuja Tume na kueleza yote anasamehewa faini yote. Wa pili anapunguziwa tu. Anayekaa kimya analipa mpaka tone la mwisho. Na msamaha haumfikii anayedanganya, wala aliyewalazimisha wenzake.

"Kwa hiyo mnataka tukimbizane," Kapteni alisema.

"Tunataka mmoja wenu aseme kweli. Mbio ni zenu wenyewe."

Mama Mapacha alimpokea ndani ya bekari yake, mbele ya tanuri la matofali lililojaza ukuta mzima. Alikuwa mjane wa miaka michache, mwembamba, mwenye unga mpaka kwenye nyusi. Mteja mmoja alikuwa akinunua na kutania: "Leo umeumuka, Mama. Wiki ile ulituuzia matofali. Nilitaka kujengea choo."

"Hamira ilichelewa," alisema bila kumtazama mteja wala mpelelezi.

Mteja alipotoka, Dada Mizani alimpa pole ya kufiwa, ingawa ilikuwa imechelewa, kisha akamuuliza nani alimletea makopo mapya.

"Yaliletwa."

"Na nani, Mama?"

"Mwanangu, hii bekari ndiyo baba wa watoto wangu sasa. Inawalisha, inawasomesha. Ukiifunga, nitawaambia nini?" Macho yake yalikuwa yamekauka. "Faini mnayoitaja, mimi nikiilipa nauza tanuri hili. Hakuna kingine cha kuuza."

"Basi njoo uwe wa kwanza. Hutalipa kitu."

Mama Mapacha alipitisha mkono juu ya tofali, kama mtu anayempapasa mnyama. "Wa kwanza kumsema nani?" akauliza, kisha akaligeukia tanuri lake.

Dada Mizani alitoka na shaka. Mwanamke aliyeogopa hivyo alikuwa ameona kitu au amefanya kitu.

Mzee Hamira alikuwa shemeji ya Mama Mapacha, kaka mkubwa wa marehemu. Alikuwa mwenyekiti wa waokaji, na alipewa jina hilo kwa sababu ndiye pekee aliyeagiza hamira kutoka nje na kuwauzia wenzake. Bekari yake ilikuwa na majiko ya umeme yanayong'aa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Kaa. Umechoka, naona." Alimletea kiti mwenyewe. "Umetoka kwa shemeji yangu? Umeliona tanuri?"

"Nimeliona. Ni kubwa."

"Baba yetu alilijenga kwa mikono yake. Mimi nilikuwa nambebea udongo. Mdogo wangu alikuwa hajazaliwa." Alitabasamu. "Lakini Baba alimpa yeye. Mkate wa tanuri lile hauna mfano, binti. Haya ya umeme ni masanduku tu."

Kuhusu makopo alisema hajui chochote. Kuhusu sheria ya msamaha alisikiliza kwa makini sana, akaomba arudiwe sehemu ya wa kwanza.

*

Fundi bati alikuwa na karakana nyuma ya soko, na kelele za nyundo zilikuwa zimemla masikio.

"Makopo ya kuokea," Dada Mizani alisema kwa sauti kubwa.

"Choo kipo nyuma," fundi alijibu.

Akamwonyesha mchoro wa ile alama. Fundi akaufurahia kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mwanawe. "Hii kalibu yangu! Chuma chake kilikuja na mkwaruzo. Nilimwambia mteja nitafute kingine, akasema hapana, wote watatu watumie hiihii. Hawaaminiani, alisema. Kila mmoja anaogopa mwenzake atatengeneza kopo kubwa kidogo amwibie wateja."

Dada Mizani alikaa juu ya debe. Kumbe ndiyo maana. Njama yao ilihitaji uaminifu, nao uaminifu hawakuwa nao, wakaukodi kwa fundi bati. Na kile walichokitengeneza ili wachungane ndicho kiliwapiga muhuri wote kwa pamoja.

"Mteja ni nani?"

"Sauti ya simu. Na simu kwangu zote zina sauti moja. Madereva ndio waliokuja kuchukua, leo huyu, kesho yule. Mtu akitaka bati, namgongea bati." Akaiinua kalibu. Kutoka kwenye mkwaruzo, ufa mwembamba ulikuwa umekwenda hadi ukingoni. "Hii ilinitesa. Oda ya kwanza niliimaliza safi. Ya pili nikiwa katikati, ikapasuka. Ya tatu yote nimegongea kwenye ufa. Wamelalamika?"

"Hapana," alisema. "Hawajalalamika."

*

Asubuhi iliyofuata, alipofika ofisini alimkuta Mama Mapacha ameketi kwenye benchi la nje, karibu na geti, mfuko wa mkate mapajani. Alimsalimu, akamkaribisha ndani.

"Nakuja, mwanangu. Niache kwanza nipate moyo."

Dada Mizani alipanda ngazi akimwombea kimyakimya. Aliwahi kumwombea mshukiwa mara nyingi, kwa sababu aliona ajabu ya sheria hii: serikali, pamoja na nguvu zake zote, kusimama mlangoni na kumwambia mkosaji, njoo, sema, utaachiwa. Mkurugenzi alimweleza zamani kwamba watu walioapiana ukiwafungia milango yote wanashikana zaidi. Ukiwafungulia mlango mmoja mwembamba, unaopitisha mtu mmoja, wanaanza kutazamana. Maelezo hayo yalikuwa sahihi, lakini hayakuumaliza mshangao wake.

Mlango uligongwa. Aliyeingia alikuwa Mzee Hamira, kofia mkononi, macho mekundu.

"Nimekuja kutubu," alisema.

Alieleza kwa muda mrefu. Kapteni ndiye aliyeanzisha kila kitu. Kapteni aliwakusanya, akawatisha, akaagiza makopo. Mama Mapacha alikubali upesi kwa tamaa. "Mimi nilikataa, binti yangu. Nilikuwa wa mwisho. Wenzangu walishapata makopo yao, wakakaa nayo, mimi nikawa bado naomba Mungu anionyeshe njia. Mwisho dereva wa Kapteni akayamwaga mlangoni kwangu. Nilipoyaona nililia."

Mkurugenzi, aliyeingia nyuma yake, alimsikiliza, akamwandika wa kwanza. Mzee akatoka akijifuta uso.

Dada Mizani alikwenda dirishani. Chini, kwenye benchi, Mzee Hamira alikuwa ameinama akimwambia shemeji yake maneno machache. Mama Mapacha alisimama, akakumbatia mfuko wake, akaondoka.

"Kesi imekwisha," Mkurugenzi alisema. "Kapteni nilimshuku tangu mwanzo."

"Mzee amedanganya."

"Kwa nini unasema hivyo?"

Dada Mizani alikwenda mezani. Alichukua mkate mmoja, akaugeuza. "Waite wote watatu kesho, Mkurugenzi. Na uniletee mikate ya asubuhi."

*

Waliketi kwenye chumba cha mikutano, meza ndefu katikati. Mzee Hamira alikaa karibu na Mkurugenzi, kama mwenyeji. Kapteni alikaa amekunja mikono. Mama Mapacha alikaa mwisho kabisa, karibu na mlango. Mbele yao ilikuwepo mikate sita, miwili ya kila bekari.

"Mnatulisha au mnatushtaki?" Kapteni aliuliza.

"Geuzeni," Dada Mizani alisema.

Wakageuza. Akaeleza kuhusu alama ya ukucha, na hakuna aliyebisha.

"Mzee, jana ulituambia makopo yako yalikuja mwisho."

"Mwisho kabisa. Mungu ni shahidi wangu."

"Tumwache Mungu kidogo, Mzee. Tuulize mkate kwanza." Akaweka ile kalibu juu ya meza; fundi alikuwa ameiazima kwa sharti irudi kabla ya chakula cha mchana. "Huu ufa ulitokea kazi ikiendelea. Oda ya kwanza haukuwepo. Ya pili ulitokea katikati. Ya tatu ulikuwepo toka mwanzo mpaka mwisho. Mama, mikate yako."

Mama Mapacha akaitazama. "Yote ina ufa."

"Kapteni?"

"Mmoja unao, mmoja hauna." Kapteni alianza kuelewa, na mikono yake ikakunjuka. "Mimi wa pili."

"Na ya Mzee?"

Wote waliinama kutazama. Chini ya mikate ya Mzee Hamira kulikuwa na mstari mmoja safi, bila uzi. Dada Mizani mwenyewe, aliyejua tangu jana, alihisi kitu kikubwa kimepita katikati yao. Mtu alikuwa ameoka uongo wake kila alfajiri, akauuza mlango kwa mlango, na kila mkate ulikuwa umemsema.

"Kutangulia kupata makopo si kuwalazimisha watu," Mzee Hamira alisema hatimaye. Sauti yake haikuwa na machozi tena. "Labda nilichanganya siku. Mimi ni mtu mzima."

"Kwa kudanganya peke yake msamaha wako umeanguka," Mkurugenzi alisema. "Sharti la kwanza ni kusema kweli yote."

"Lakini kuna la pili," Dada Mizani alisema. "Wiki moja kabla ya makopo, mikate ya Kapteni haikuumuka. Ya Mama Mapacha watu waliiita matofali. Mzee, siku hizo mikate yako iliumuka vizuri. Hamira ya mji mzima inatoka kwako."

"Meli ilichelewa."

"Ilichelewa kwao tu?"

Mzee aliikunja kofia yake mara mbili. Dada Mizani aliendelea taratibu, bila kupandisha sauti. "Nilijiuliza kwa nini mtu aanzishe njama, kisha awe wa kwanza kuisaliti, kabla haijamlipa. Halafu nikakumbuka ulivyolitaja tanuri. Faini ingemfanya Mama Mapacha aliuze. Wewe ungekuwa umesamehewa, na ungekuwa mnunuzi. Uliitumia huruma ya sheria kama mtego wa panya."

"Lilikuwa langu," Mzee Hamira alisema. Alikuwa akiutazama ukuta. "Nilimbebea Baba udongo mpaka mabega yakachubuka. Mtoto aliyezaliwa baadaye akapewa. Akafa, nikasema sasa litarudi, nalo likabaki kwa mtu aliyekuja kwa ndoa. Mnajua ilivyo kuoka kwenye sanduku la umeme huku unasikia harufu ya tanuri la baba yako inatoka nyumba ya pili?"

Hakuna aliyemcheka. Hata Kapteni aliangalia chini.

Mkurugenzi alikohoa. "Nafasi ya kwanza sasa iko wazi. Nisikilizeni vizuri, wote wawili. Sitazami aliyekaa kwenye benchi wala aliyekuwa na nia. Anayeanza kusema hapa, yote, bila kuficha, ndiye wa kwanza, na hatalipa kitu. Anayefuata atalipa nusu. Nusu inatosha kumfanya mtu auze magari. Inatosha kumfanya auze tanuri."

Mama Mapacha alifungua mdomo. Akamtazama shemeji yake, mtu ambaye wanawe walimwita baba mkubwa, aliyeshika jeneza la mumewe upande wa kichwani. Mdomo ukafunga.

Kapteni alikuwa ameshavuta pumzi. Kila mtu mezani aliisikia. Yeye ambaye hakuwahi kukosa neno alikuwa nalo tayari ulimini, na magari yake yote nyuma ya neno hilo. Mkurugenzi alishika kalamu.

Kapteni akaiachia ile pumzi polepole.

"Tangulia, Mama," alisema.

"Mwanangu, magari yako."

"Nilianza bila ndala. Tangulia."

Mama Mapacha aliuvuta mkate wake karibu, akaweka viganja viwili juu yake. Aliposema, hakumtazama mpelelezi. Alimwelekea Mzee.

"Shemeji, siku ya Alhamisi ulikuja nyumbani ukaniambia hamira imekwisha. Nyuma ya gari lako niliyaona maboksi. Uliniambia yatashushwa nikikubali makopo. Nikakataa. Wiki nzima niliokea watu matofali, na watoto waliniuliza kama nimesahau kuoka. Jumatano nikakubali. Na jana pale kwenye benchi uliniambia nikipanda zile ngazi, wanangu hawana baba mkubwa tena." Akaubonyeza mkate kidogo. "Nimepanda, shemeji."

Aliendelea mpaka mwisho. Mkurugenzi aliandika, na Dada Mizani alisimama dirishani mgongo ukiwa umewaelekea, kwa sababu hakutaka watu waliokuja kuhojiwa wamwone analia. Alikuwa ameamini siku zote kwamba mlango ule mwembamba unapitisha mtu mmoja tu. Hakuwahi kufikiria kwamba mtu angeweza kuufikia wa kwanza, akasimama pembeni, akaushikilia wazi kwa ajili ya mwingine.

Mzee Hamira alitozwa faini yote, na biashara ya hamira ikafunguliwa kwa kila mwenye kuitaka. Kapteni aliuza magari, akabakiza moja, ambalo sasa analiendesha mwenyewe huku akijifokea. Makopo yote ya alama yalirudishwa kwa fundi bati, aliyeyapokea akidhani wameleta malalamiko.

Jumatatu iliyofuata mkate ulikuwa umerudi ukubwa wake. Dada Mizani alikata vipande vya mume na watoto, na kipande chake kikabaki. Kabla hajakila alikigeuza, akatazama chini. Kulikuwa na majivu kidogo ya tanuri, basi.

"Unatafuta nini?" mumewe aliuliza.

Dirishani aliwaona majirani wametoka dukani, na kila mmoja, akitembea, alikuwa anaugeuza mkate wake.